Anti, nimesoma Kivietinamu miezi minne afu mzee wa watu kaninunia

Anti shikamoo,

Mi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo leo. Nina miaka 34, naishi Newala, mume yupo, watoto wawili, na tuna kikundi chetu cha akina mama tunabangua korosho. Tulianza kwa mkono kabisa, ile ya kukaa chini na kigongo huku vidole umevipaka majivu ili mafuta ya ganda yasikuunguze, na yanaunguza kweli, vidole vyangu mpaka leo vina madoa. Sasa mwaka jana tukachangishana, tukakopa kidogo, tukaagiza mashine za kukatia kutoka Vietnam, na mwenye karakana, mzee flani wa kama miaka 60 hivi yuko huko kusini kwenye mkoa uliokua unaitwa Bình Phước, akasema mtu mmoja aende wiki tatu afundishwe kuzitumia na kuzitengeneza zikiharibika. Wenzangu wakanichagua mimi eti kwa sababu nina mdomo. Safari ni mwezi wa tatu.

Nikasema siendi kukaa kama mzigo. Nikapakua programu ya simu nikaanza kujifunza Kivietinamu, mwezi wa nne sasa sijaruka hata siku moja, nasoma usiku watoto wakishalala. Naweza kusema mvulana anakula epo, naweza kusema paka ni mweusi, na alama zangu ni nzuri tu. Basi wiki iliyopita nikajipa moyo nikamtumia yule mzee voisi, "Xin chào bạn, bạn khỏe không?", yani habari yako, hujambo. Anti, huyu mzee alikua kila siku ananijibu hata kama ni kidole gumba tu, lakini tangu ile voisi kimya siku tatu. Afu binti yake, ambae ndo anajua Kiingereza, akaniandikia kwamba baba anaomba mawasiliano yapite kwake tena kwa Kiingereza. Nikamtumia na yeye voisi nyingine kwamba nina watoto wawili, akarudisha alama za kuuliza tatu.

Nimeona aibu mpaka hiyo programu sijaifungua tena. Mume wangu anasema si nilikwambia, Kiingereza kinatosha dunia nzima (na Kiingereza chenyewe anachokiongea yeye tunakijua). Kwenye kikundi kuna mmoja anapita akisema hela ya vocha imeisha kwenye kuimba. Na kweli usiku nikifanya mazoezi naonekana kama naimba.

Kingine, mwenzangu wa Masasi ntakaesafiri nae anataka tukimaliza tupite Kambodia siku nne kuona wakulima wa korosho wa huko afu turudi Saigon kupanda ndege. Na kuna kijana mjini anasema viza ya Vietnam anatutafutia kwa dola 200 kila mtu. Mimi pia ni Muislamu, sijui ntakula nini. Zimebaki wiki saba. Niache hii lugha nishike mambo mengine? Na huyo mzee nimemkosea nini?

Mama Korosho, Newala

Marahaba mwanangu.

Umenichekesha na alama zako za kuuliza tatu, maana mi nilishapewa kumi. Kabla sijakaa hapa kuwasikiliza nyie nilikua nafuata nguo, na katika kuzunguka huko nilikaa Saigon karibu mwaka, nanunua soko la An Đông natuma Kariakoo, kwaiyo ntakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Tuanze na mzee. Hujamtukana, ila umemwita rafiki. Hilo "bạn" maana yake ni rafiki, na hizi programu zinalipenda kwa sababu zinatafuta neno moja la kusema "wewe", wakati Kivietinamu hakina neno hilo moja linalomfaa kila mtu. Fikiria kijana mgeni anaingia uani kwa baba yako mzazi hapo Newala, anamkuta kwenye kiti chake, anamwambia "rafiki, mambo vipi". Baba hatampiga. Atageuka tu aongeze sauti ya redio. Ndo ulichopata.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize, maana wazungu wanalia miaka na jambo hili na we unalo tayari mdomoni. Wavietinamu wanaitana kwa undugu kama sisi. Mwanaume aliekuzidi kidogo ni anh, kaka. Mwanamke aliekuzidi kidogo ni chị, dada. Mdogo wako wa kiume au wa kike ni em. Mwanaume wa rika la baba mdogo ni chú, mwanamke wa rika hilo ni cô, na waliozeeka kabisa ni ông na bà, babu na bibi. Na wewe mwenyewe hujiiti "mimi", unajiita kwa nafasi yako mbele yake: kwa huyo mzee we ni con, mtoto. Humwambii "mimi nakusalimu wewe", unamwambia "mtoto anamsalimu baba mdogo". We si unamwamkia mama muuza samaki usiemjua kabisa, "mama shikamoo"? Basi lugha yao imejengwa juu ya hilo, mpaka kwenye sentensi ya kuomba chumvi. Na ukifika watakuuliza umri kabla hata hujakaa, wala usinune, hawapekui mambo yako, wanatafuta wakuite nani.

Ila pia usihesabu kimya chote ni hasira. Kipindi hiki wanakimbizana na Tết, mwaka mpya wao unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, karakana zinamaliza oda ili wafanyakazi warudi kwao, na wakishafunga wamefunga, hata mashine ya dhahabu hupati fundi. Mshukuru Mungu safari yako ni mwezi wa tatu.

La pili, hiyo programu yako naweka dau inakufundisha sauti ya Hanoi, yani ya kaskazini, na we unaenda kusini. Maandishi ni yaleyale lakini mdomo tofauti. Neno dạ, la heshima, lile la kuanzia jibu kama tunavyosema "naam" au "bee", kaskazini wanalisema "za" na kusini "ya". We utakaa karakanani unasubiri "za" mpaka jioni. Na maneno yenyewe yanabadilika. Ghali kaskazini ni đắt, kusini ni mắc. Mashine imeharibika, Hanoi ni hỏng, huko unakoenda ni hư. Na hili la kuumwa ndo baya, kaskazini ốm ni mgonjwa, kusini ốm ni mwembamba, we na homa yako ukisema "con ốm" watakuangalia juu mpaka chini wakutilie wali mwingine. Kusini useme bệnh. Kwaiyo kuanzia leo ukisikiliza video tafuta za watu wa Saigon, na kama una rafiki wa huko mwombe akusomee maneno thelathini tu kwenye voisi, basi, hizo thelathini zinazidi paka mweusi wako.

Kuhusu kuimba, waambie wenzio ndo lugha yenyewe. Kaskazini kuna milio sita, kusini mitano maana miwili imeungana, neno lilelile likipanda au kushuka linakua kitu kingine. Dừa ni nazi, dứa ni nanasi, dưa ni tikiti. Mi siku moja pale nje ya An Đông nimenunua embe bichi, na wao wanalila kama sisi pwani, kwa chumvi na pilipili, nikamwomba yule mama chumvi, muối, sauti inatakiwa ipande, mi nikaizungusha ikashuka kwanza ndo ikapanda. Akaniangalia. Akajipiga kofi mkononi, paa, akakisogeza kiganja puani kwangu nione hakuna kitu. Nilikua nimemwomba mbu! Muỗi ni mbu. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo, afu akanipa chumvi ya pilipili kwenye kikaratasi na tangu siku ile kila nikipita ananipigia kofi mkono wake.

Kama umekulia kwenye Kimakonde sikio lako lina afadhali kuliko langu la Kariakoo, maana Kimakonde nacho kina mambo ya kupanda na kushuka. Kinachotuua sisi wa Kiswahili ni swali. Sisi "amekuja" na "amekuja?" tofauti ni sauti tu, mwishoni tunainyanyua. Kule ukiinyanyua umebadilisha neno. "Bao nhiêu tiền", shilingi ngapi, lile tiền la mwisho linashuka, liache lishuke, usiulize na sauti. Swali lao linabebwa na maneno, mwishoni wanaweka không au chưa. Na hilo chưa mwanangu utalipenda, maana ni "bado" yetu kabisa. "Ăn cơm chưa?" ni umeshakula au bado, na ni salamu, kama umekula jibu rồi, tayari, kama hujala jibu chưa, bado. Mwingereza anahitaji sentensi nzima hapo.

Na kuna sauti nyingine za bure unazo. Ile ng' ya ng'ombe wageni wanatoa jasho kuianzia, we useme tu ngon, tamu. Nh ni ny ya nyama. G yao ni gh ya ghali, kwaiyo kuku, gà, litamke kama unaanza kusema ghali. Đ yenye kijistari ndo d yetu. Ila th sio ya thamani, ni t yenye pumzi. Na tafadhali usiongeze irabu mwishoni. Sisi tumezoea, benki, kabati, shati, hatuwezi kuacha neno likining'inia. Moja kwao ni một, mdomo unafunga t haitoki hata kidogo, we ukisema "moti" hakuna atakaejua. Nina wasiwasi voisi yako ya watoto wawili, "tôi có hai con", ilifika "koni". Na hilo con nalo ndo wanaliweka mbele ya wanyama, con gà, con mèo, kama ngeli hivi, kwaiyo binti wa watu alikua anajiuliza una wawili wa nini.

Wiki saba hizi usitafute kujua lugha. Jifunze salamu na kuitana, namba, chakula, na maneno ya kazi yako. Korosho ni hạt điều, kiini nhân, ganda vỏ, mafuta dầu, mashine máy, kitu cha moto nóng. Na kabla ya yote hayo jifunze coi chừng, angalia! Mtu akikupigia hilo kelele pembeni ya kisu cha mashine hakuna muda wa kufungua simu. Ndo maana Kiingereza cha mume wangu, samahani, cha mumeo, hakitoshi, kinatosha hotelini Saigon, lakini anaeshika spana kwenye karakana ya Bình Phước ni kijana wa kijijini kama wa kwetu. Ile ya kutafsiri kwenye simu beba, ila haijui nani mkubwa nani mdogo, mara nyingi itakurudishia "bạn" yuleyule aliekuponza.

Namba zikaze hasa. Mười bốn ni 14 na bốn mươi ni 40, na bei wanazikata, akisema bốn mươi ni dong 40,000, elfu haitamki. Kwa hesabu ya haraka toa sifuri moja unapata shilingi zetu, hiyo ni kama 4,000. Angalia noti ya 20,000 na ya 500,000, zote bluu, usiku kwenye boda utalia. Boda wenyewe wanaitwa xe ôm, chombo cha kukumbatia, ila heri uite kwa Grab, programu ya simu ya kuitia usafiri, bei uione kabisa. Na saa zao wanahesabu kizungu, bảy giờ, saba, ni saa moja yetu asubuhi, usije ukaenda karakanani mchana.

Viza. Huyo kijana wa dola 200 mwambie asante. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa watu wa nchi zote, mpaka siku 90, mnaomba wenyewe kwenye tovuti ya serikali yao inayoishia na .gov.vn, mwisho wa anuani uangalie vizuri maana za kufanana ziko nyingi. Ada ni dola 25 ya kuingia mara moja na dola 50 ya kuingia zaidi ya mara moja. Nyie ni hiyo ya 50, kwa sababu mkienda Kambodia mmeshatoka, na ukirudi mpakani Mộc Bài, ambako ndo basi za Saigon na Phnom Penh zinapita, na viza ya mara moja mkononi, ndege yako iko Saigon na we uko upande wa pili unaangalia. Majina yaandike kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi, wamechanganya majina yangu mara moja nikarudia kulipa. Viza ya Kambodia ni nyingine, iombeni kabla. Na huko sahau mambo ya kuimba, Kikhmer, lugha ya Kambodia, hakina milio hiyo, wana maandishi yao ya kuzunguka, we shika "aw-kun", asante, na salamu ya kuunganisha viganja kifuani. Dola zinapokelewa mpaka sokoni ila ziwe safi, iliyochanika hata kidogo wanakurudishia.

Usishangae anuani uliyopewa isipolingana na ramani. Tarehe 1 Julai 2025 waliunganisha mikoa kutoka 63 ikabaki 34, Bình Phước ikaingia Đồng Nai na wilaya zikafutwa. Watu bado wanasema jina la zamani, kama sisi tu, mwombe binti akutumie zote mbili na alama ya ramani.

Chakula: "con không ăn thịt heo", sili nguruwe, kusini ni heo, kaskazini lợn. Lakini supu ndo inaponza, nyingi zinachemshwa na mifupa ya nguruwe nyama yenyewe usiione. Phở bò ni ya ng'ombe, muulize tu. Saigon mjini kuna msikiti wa mtaa wa Đông Du, wa tangu 1935, na chakula cha halali kiko jirani. Huko mashambani tafuta kibao kilichoandikwa CHAY, hapo hakuna nyama kabisa. Na kuna rau muống, mboga ya kukaanga na kitunguu saumu, ukiiona utasema matembele.

Watakutazama, hilo jiandae. Watoto wataita, bibi mmoja ataomba kushika nywele, utasikia "Châu Phi", wanasema Afrika. Siku nyingine inachosha na mi nilishawahi kubaki chumbani siku nzima nisitake kuonekana. Lakini ukisema "dạ, con chào bà" yule bibi mkono anaushusha.

Sasa mzee. Usitume voisi, andika kwanza, zile alama zake zote weka, simu yako ina kibodi ya Kivietinamu: "Dạ con chào chú. Con xin lỗi chú." Mtoto anamsalimu baba mdogo, mtoto anaomba radhi. Usieleze sana. Kesho yake ndo tuma "Chú ăn cơm chưa?", na hiyo iwe voisi, umeshairudia mara hamsini, cơm halina irabu mwishoni. Ila tuma mchana mwanangu, sio usiku watoto wakishalala, wametuzidi saa nne, saa tatu yako ya usiku kwa mzee ni saa saba za usiku.